Mwokota Kuni Asiye na Jina

Kuni zangu nilizitia alama kwa chaki. Miaka 34 ya kufundisha haikuniachia mali, lakini chaki haijawahi kukosekana nyumbani kwangu. Mwezi wa sita mwaka juzi, nilipoona safu iliyo chini ya upenu wa jiko inashuka haraka kuliko tunavyowasha, nilichukua kipande nikapita nacho kwenye vichwa vya kuni: kila ya kumi mstari mmoja. Mke wangu alinitazama kutoka mlangoni, mwiko mkononi. "Mwalimu," akasema, "kesho utaziita majina?"

Tunaishi juu ya Njombe mjini, upande wa barabara inayopanda kwenda Makete. Mgeni wa Dar es Salaam akitufikia mwezi wa saba hudhani kuna mtu kaacha mlango wazi. Kipupwe huingia mwishoni mwa mwezi wa tano, kikakaa hadi wa nane, na usiku kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10 bila kuomba radhi. Kule Kitulo, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake ya wakati wa mvua, asubuhi za kipupwe majani huwa meupe kwa jalidi. Baridi ya namna hiyo haifukuzwi na blanketi. Binti yangu alituletea mtungi wa gesi, nami namshukuru. Chai inachemka kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Serikali nayo ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unaotaka ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanaitumia. Macho ya mke wangu yanauunga mkono mkakati huo kuliko hotuba yoyote. Lakini ni wa kupikia. Jina lake lenyewe linasema. Sijaona bado babu aliyekaa na wajukuu wakauzunguka mtungi.

Kuota, nilikuwa nikiwaambia watoto wa darasa la sita, ni neno lenye nyumba tatu. Mbegu huota. Aliyelala huota. Na mwenye baridi huota moto. Kuni zilizo chini ya upenu wangu zimepita nyumba zote tatu: ziliota kwenye kilima cha marehemu baba, sasa tunaziota, na zikishabaki makaa tunakwenda kulala tukaote. (Makaa hayo tunayaacha jikoni. Kila kipupwe husikika habari ya watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha, wakakutwa asubuhi hawana uhai.)

Nyingi ni za miwati. Miwati si miti yetu. Kwao ni Australia, upande wa kusini-mashariki, na huku ililetwa kwa ajili ya magome, maana ndani yake mna tanini ya kutengenezea ngozi. Mashamba makubwa ya Njombe yalianza mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha watu wa vijijini nao wakapanda ya kwao. Baba alikuwa akibambua magome, akiyafunga mizigo, akiyauza. Mti uliobaki uchi ulikuwa masalio ya biashara. Masalio hayo ndiyo yaliyonikuza: tuliyapikia, tuliyaota, na mafuta ya taa yalipoisha niliyasomea.

Siku hizi gogo linakatwa na kijana mwenye chenso, dakika tano kazi imekwisha, nami nabaki na sehemu ninayoipenda. Shoka halitaki nguvu, linataka ufa. Unalisimamisha gogo juu ya kisiki, unalizungusha taratibu hadi uuone ule ufa mwembamba uliojichora kichwani, unapiga hapo hapo. Muwati ukiwa mbichi hupasuka vizuri, ukatoa harufu kama ya chai kali. Mkaratusi una nyuzi zilizojisokota. Ukiusubiri ukauke ndipo uuchanje, utashinda ukigombana nao. Msindano nauweka kidogo wa kuwashia tu: una utomvu, unashika upesi, kisha unarusha cheche na kupaka sufuria masizi. Penye fundo natia kabari. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, kinaonya kwamba mpasua kuni yuko hatarini, na kovu lililo kwenye ugoko wangu wa kushoto ndilo ufafanuzi wa aya hiyo.

Lakini kazi yenyewe ni ya kuwahi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Uutie motoni leo, utalia, utatoa povu kwenye ncha, utajaza nyumba moshi, na joto utakalolipata ni la kulikausha gogo lenyewe. Kwa hiyo nakata mwezi wa tisa, baridi ikishapita na watu wameshaisahau. Nachanja, napanga juu ya mawe ili mchwa wasipande, ncha za safu nazikingamanisha zisiporomoke, na katikati naacha nafasi upepo upite. Zitakaa hapo msimu mzima wa mvua. Ukigonga mbili mwezi wa tano, zilizokauka zinalia kama vikombe. Mbichi zinatoa sauti ya mtu anayejibu akiwa amelala.

Sasa, juma moja baada ya ile chaki, zamu ya ibada ya nyumba kwa nyumba ikafika kwangu. Watu wakaketi uani, palipo na jua. Mhubiri alikuwa mgeni, mwenye bidii na sauti, na somo lake lilitoka Mathayo 6: kutoisumbukia kesho. Alisema vizuri juu ya ndege na maua. Halafu akaingia kwenye mana, jinsi Waisraeli waliobakiza mpaka asubuhi walivyokuta mabuu na uvundo, na hapo akauegemeza mgongo kwenye kuni zangu, akauliza ni nani miongoni mwetu ana mana inayonuka nyumbani. Watu wakanitazama, kisha wakatazama chini. Mwenye nyumba habishani na mgeni, basi nikanyamaza. Mhubiri aliondoka na mistari miwili ya chaki mgongoni mwa koti lake jeusi, na hakuna aliyemwambia.

Usiku nilivuta taa nikasoma mwenyewe. Kutoka 16 ni kama alivyosema: kila mtu pishi yake, aliyekusanya kingi hakuzidiwa na kitu, aliyekusanya kidogo hakupungukiwa, na iliyolazwa ikaoza. Ila mhubiri aliishia njiani. Siku ya sita waliambiwa waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na hiyo iliyolazwa haikuoza. Mungu yuleyule, chakula kilekile, akiba siku moja ni uasi na siku nyingine ni utii.

Nikafungua mbele zaidi, Hesabu 15, kwenye habari ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Wana wa Israeli wako jangwani, wanamkuta mtu akiokota kuni siku ya Sabato. Wanamleta kwa Musa na Haruni, anawekwa kizuizini kwa kuwa hakuna anayejua atendewe nini, kisha linakuja neno, anatolewa nje ya kambi, anapigwa mawe mpaka anakufa. Aya tano tu. Jina lake halipo, wala hatuambiwi alikuwa na watoto wangapi, wala usiku ule ulikuwa na baridi gani.

Nikabaki na watu wawili wa jangwa moja. Mmoja aliweka akiba, ikaoza. Mwingine hakuweka, akafa. Na huyu wa pili anashangaza zaidi ukikumbuka kwamba Kutoka 35 inakataza hata kuwasha moto majumbani siku ya Sabato. Zile kuni hakuwa na ruhusa ya kuziwasha siku ile. Labda alinuia kuvunja amri zote mbili kwa mpigo, mwandishi hasemi. Mimi namwona kama mtu aliyekuwa akiokotea kesho, amechelewa siku moja, anahangaika na jambo ambalo lilipaswa kumhangaisha Ijumaa. Angekuwa na safu chini ya upenu wa hema, angekaa ndani.

Kwa hiyo mana na kuni haziendi kwa sheria moja, na aliyezipima kwa pishi moja alitukosea sisi wa nyanda za juu. Mana ukiilaza inaharibika. Kuni usipozilaza hazifai. Anayeomba kuni za siku kwa siku atapewa, lakini atapewa moshi. Katekisimu Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, niliyoikariri kwa ajili ya kipaimara, inaufafanua mkate wa kila siku kwa orodha ndefu: chakula, mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, hata hali njema ya hewa, na karibu na mwisho majirani waaminifu. Luther alikuwa mtu wa nchi ya theluji, na kuni hakuzitaja! Nimejituliza kwamba zimo kwenye yale mengineyo anayofungia orodha. Viatu ametaja, na baba aliuza magome ya viatu, basi sisi tumeingia kwa mlango huo.

Nilijiona nimeshinda hoja, na ningelala vizuri. Ila majirani waaminifu waliendelea kunikaa kichwani.

Siku ya tatu baada ya ibada niliamka saa kumi alfajiri. Sikuwa nalinda; umri wangu huamka saa hiyo kwa haja zake. Mbalamwezi ilikuwa inashuka. Chini ya upenu palikuwa na mtu. Alichagua kuni sita, si zile za juu zilizo rahisi, akazitia kwapani. Halafu akafanya jambo ambalo nililitazama nikiwa nimeshikilia fremu ya mlango: akazisogeza zilizobaki, moja moja, bila kugonga, mpaka pengo likazibika na safu ikawa sawa mstari. Alizipanga vizuri kuliko mimi. Kisha akaenda zake, na kwa mwendo ule nilimjua. Siku ya ibada alikuwa ameketi karibu na mlango.

Kiswahili kinanisaidia hapa. Kiingereza nilichokifundisha vilevile kingenilazimisha niseme kama ni mwanamume au mwanamke, na kwa kijiji kama chetu hilo lingekuwa nusu ya jina. Kwetu "alikuja" imemtosha yeyote.

Hasira yangu ilikuwa ya ajabu. Wizi wa ovyo ningeusamehe mapema zaidi. Ule mpango mzuri ndio ulioniuma, kwamba alijua ninatazama safu. Nilitunga maneno ya kulipeleka jambo kwenye baraza la wazee wa kanisa. Niliyatunga mara mbili, ya ukali na ya upole, na yote mawili yalikuwa na jina ndani yake.

Jumamosi nilishuka mjini kununua mpini. Muuza shoka ni Mwislamu, tunataniana miaka mingi, nikamweleza bila kutaja mtu. Akaniambia iko hadithi ya Mtume kwamba ni heri mtu achukue kamba yake, aende akabebe mzigo wa kuni mgongoni, auze, kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime. Nikamuuliza: na kuiba, ni heri kuliko kuomba? Akacheka akigonga mpini kwenye meza asikie kama una ufa. Hadithi, akasema, inaishia kwenye kamba.

Aliyenizuia ni mchungaji wetu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alikuja kuomba radhi kwa niaba ya mhubiri wake, nami sikutaka radhi, nilitaka kumwonyesha Hesabu 15. Aliisoma, akasema kwamba marabi wa zamani nao waliugulia aya hizo. Walibishana hata kosa lenyewe lilikuwa lipi hasa: kubeba, kung'oa, au kuzifunga kuni tita. Na Rabi Akiva, mwalimu mkubwa kabisa, akadai amemgundua mtu yule. Ni Selofehadi, alisema, kwa kuwa binti zake watano wanaposimama mbele ya Musa, Hesabu 27, kudai urithi, wanasema baba yao alikufa jangwani kwa dhambi yake mwenyewe. Jangwani huku, jangwani kule, Akiva akaunganisha. Rabi mwenzake, Yehuda ben Betera, akamkemea. Akamwambia kwamba vyovyote iwavyo atakuja kuulizwa: ikiwa amepatia, Torati ilimficha mtu huyu naye amemfichua, ikiwa amekosea, amempaka tope mtu mwema.

Mchungaji alilisimulia kama jambo la chuoni, akanywa chai yake, akaaga. Mimi nilibaki na yale maneno yangu mawili, ya ukali na ya upole.

Nimefikiri sana tangu hapo juu ya kitabu kinachoweza kumpiga mtu mawe na bado kikamfunika jina. Adhabu ilikuwa hadharani, kambi yote iliona, walioona walijua. Lakini maandishi, ambayo yangetufikia mpaka sisi wa Njombe, yalimwacha apite. Labda sheria iliona kwamba kuna makosa ambayo hukumu yake ina mwisho, na kumtaja mtu ni hukumu isiyo na mwisho. Katika kijiji, jina likishatajwa barazani linarithiwa. Mjukuu ataambiwa. Nami ningepata nini? Kuni sita mara kadhaa, ambazo nisingezirudisha kwa kusema.

Basi sikusema. Nilichukua kitambaa kibichi nikaenda kufuta chaki, na chaki haitoki kwenye mti kama inavyotoka ubaoni. Ilikuwa imezama kwenye nyuzi. Nikasugua mpaka mke wangu akaniambia niache, naziloesha. Tukaziwasha hivyohivyo na alama zao, kipupwe kizima, na kila mstari ulipokaribia moto ulionekana wazi zaidi kwa dakika moja kabla ya kuungua. Mhubiri, nilijiambia jioni moja, alikuwa na hoja kumbe, ila aliegemea mahali pasipo. Safu haikuwa na kosa. Mana nayo ilipimwa, lakini ilipimwa ili kila mmoja apate. Mimi nilipima ili nimjue aliyepata.

Hapo ningekoma ningekuwa mwenye hekima. Lakini mwalimu mstaafu hawezi kuacha jambo bila kulisahihisha. Mwezi wa tisa mwaka huohuo, nilipochanja kuni za msimu mpya, nilitenga mzigo mzuri, muwati mtupu, nikaupanga safu fupi nje ya ua, kando ya njia, juu ya mawe, na kipande cha bati kuukuu juu yake. Sikumwambia mtu. Nilitaka apite usiku azichukue bila kuingia uani kama mwizi. Nilijiona Boazi, yule wa kitabu cha Ruthu aliyemwachia mgeni masazo ya shamba lake.

Kipupwe cha mwaka jana kilifika, kikauma, kikaondoka. Kwenye safu ya njiani haikutoka hata kuni moja. Za chini ya upenu ziliendelea kupungua palepale, sita sita, na pengo likizibwa.

Mke wangu ndiye aliyenieleza, tukiwa tunaota, kana kwamba anazungumzia chumvi. "Za njiani zina macho, Mwalimu. Atakayezichukua ameombwa akubali kuwa maskini mbele ya kila anayepita kwenda gulioni." Kisha akasukuma kijinga ndani ya mafiga kwa ncha ya mguu. "Na hukuulizwa na mtu umtengee."

Nilirudi kwenye Walawi 19, sheria aliyoifuata Boazi wangu. Mwenye shamba anaambiwa asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota masazo; ni ya maskini na mgeni. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kama amri ya kutoa, na haisemi atoe. Inasema aache. Wala haisemi alime kishamba kingine kidogo kando ya barabara kwa ajili ya wahitaji. Ni pembe ya shamba lilelile, ngano ileile, na anayekuja kuichukua anaingia ndani ya mipaka yako akivuna kwa mkono wake, wewe ukiwa umelala au umegeukia kwingine. Sijui tena niite wizi kitu gani. Wazee wa baraza wangenisomea amri ya saba, na wangekuwa sahihi, na mimi pia nimewahi kuifundisha. Ila mwaka huu nimepanga safu ya upenu ndefu kidogo kuliko tunavyohitaji, upande wa mbali na mlango, na upande huo siutazami. Nikiamka saa kumi nakohoa kwanza kabla ya kufungua.

Jana asubuhi nilikwenda kuangalia safu ya njiani. Imekaa sasa miezi mingi kupita umri wa kuni nzuri. Nilichukua moja nikaigonga kwa nyingine, haikulia. Ilikuwa nyepesi kama kibuyu, na kutoka kwenye vitundu vidogo vya bungua ukamwagika unga mweupe juu ya kiatu changu.